Bosi wa majambazi aliyenivurugia tasnifu kwa kuomba mlango ufungwe

Kilichonishtua kwanza ni sauti: nyembamba, kama ya mtu mwenye mafua, ikitoka kinywani mwa bosi wa majambazi ambaye maisha yangu yote nilimjua kwa sauti nzito ya mkulima wa Maretadu.

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenitokea Jumamosi hii, sijaongeza kitu.

Mkoa wetu ulipokuwa mpya, watoto wa Haydom tuliangalia filamu kwenye banda la video. Baba Bura, mkulima wa Maretadu, kijiji cha jirani, aliketi kando ya runinga na maikrofoni, akitafsiri Kizungu papo hapo.

Filamu kubwa kuliko zote ilikuwa ile ya majambazi, inayosifiwa dunia nzima. Msaliti amepiga magoti. Bosi anamtazama, kisha anawaambia vijana wake: "Asiuawe kabla hajavuna."

Mimi nililia.

Tasnifu yangu ya uzamili ina sura nzima, kurasa ishirini na mbili, kuhusu maadili ya mkulima katika sentensi hiyo. Naitetea Jumatatu.

(Mtauliza kwa nini sikuirudia filamu. Niliamini naikumbuka.)

Neema, nesi kutoka Mbeya ninayepanga naye, hushikilia kwamba filamu ile imesifiwa kupita kiasi: wanaume wanakula na kunong'ona saa tatu nzima. Nikamwekea kwenye laptop, yenye maandishi chini, ili nimnyamazishe.

Msaliti akapiga magoti. Bosi akasema: "Fungeni mlango, nzi wanaingia."

Neema akanigeukia taratibu. "Dada, hizo ndizo kurasa ishirini na mbili?"

Somo nililopata: hakiki chanzo chako kabla ya kukililia. Lakini bado najiuliza, na nanyi nisaidieni hapo chini: filamu inastahili sifa kwa ilichosema, au kwa tulichosikia?

Mbele ya jopo sitadanganya. Ila nilitaka kwanza kujua sentensi ile ilitoka wapi, ndipo nikampigia Baba Bura, ambaye siku hizi analima maharage tu.

Nilimwamkia, nikamweleza yote.

"Mwanangu, bosi alinong'ona na jenereta ilikuwa inanguruma. Sikusikia hata neno. Lakini uliangalia dirishani, nyuma ya yule msaliti?"

Sikuwa nimeangalia.

"Mahindi yake yalikuwa bado mabichi."