Msomaji wa Santuri

Muuza santuri wa mtaa wa Marshalltown, jirani yangu wa kibanda, hajaribu santuri kwa masikio. Huishika pembeni kwa viganja, huigeuzia jua, kisha huisoma mistari yake. Albamu za roki za miaka ya themanini ndizo zake, hapo humbishii.

Jana Brigitte wa saluni alimletea moja ya marehemu mumewe, aiuze. Jamaa akaitupia jicho tu.

“Upande wa pili, wimbo wa tatu. Umechakaa huo peke yake.”

Brigitte akasema, “Alikuwa akiniwekea huo kila nikitoka kazini.”

Jamaa akaipangusa vumbi, akairudisha kwenye jalada, akamkabidhi.

“Hii siinunui, mama. Nenda ukamalizie kuichakaza nyumbani.”