Tango kwa Kiasi Kilekile

Mama mkubwa ni fundi cherehani, na hakubali kufanywa mtoto. Kila siku saa nne asubuhi husimamisha cherehani, huosha tango moja zima, hukata ncha ya kwenye kikonyo na kuionja. Ikiwa chungu, tango lote hutupwa; tango chungu huvuruga tumbo. Likiwa zuri, hulila na ganda lake. Anasema limemwondolea taabu ya choo kigumu iliyotokana na kukaa kutwa kitini, na siku za joto humpa maji ambayo husahau kunywa. Gesi nayo anakiri inakuja. Asiyetaka kuisikia asimame mlangoni.

Mwaka jana damu ilimganda mguuni, akapewa vidonge vya kuzuia isigande tena. Nesi akaeleza kwamba mboga za majani na tango lenye ganda ale kwa kiasi kilekile alichozoea, asizidishe wala asipunguze, maana husaidia damu kuganda, na dawa imepimwa kulingana na ulaji wake. Dada, bintiye, akaandika: "Tango kwa kiasi." Nyumbani "kwa kiasi" ikawa "kidogo", na wiki haijaisha ikawa "marufuku". Mimi niliyekuwa nikimnunulia sokoni nikaufyata, nikaacha kuleta. Najionea aibu mpaka leo.

Siku chache baadaye fizi zikaanza kutoka damu akipiga mswaki, na mikononi damu ikavilia bila kugongwa popote. Dada akawa mbogo, akamtuhumu kwamba anakula matango kwa siri. Mama mkubwa alivaa viatu akaenda kliniki, nasi tukamfuata nyuma kama vifaranga.

Vipimo vikaonyesha damu imekuwa nyepesi mno. Daktari akauliza nini kimebadilika.

"Tango langu," akajibu. "Wamenipigia marufuku, na mimi ndiye ninayemeza dawa."

Daktari alisema hawezi kuapa kuwa sababu ni tango tu, lakini kubadilisha ulaji ghafla bila kumwarifu ni kosa. Akarekebisha dawa, akaagiza arudie chakula chake cha kawaida na aje kupimwa tena wiki ijayo.

Njiani dada alilia. Alisema aliogopa kumpoteza.

"Kuogopa ogopa, mwanangu," mama mkubwa akasema bila kupunguza mwendo, "ila niulize kwanza. Mdomo unaokula tango ndio huohuo unaojibu."