Ng'ombe Mlangoni kwa Bi Mwantum

Mara ya kwanza kufika kwa Bi Mwantum binti Sadallah, pale Majengo mjini, niliomba kuona migongo ya wagonjwa wake. Mimi ni mchuuzi wa ng'ombe; kabla sijamwekea mtu mnyama anitunzie, natazama kwanza hali ya wale alio nao. Wazee wawili aliokuwa nao waligeuzwa. Ngozi kavu, hakuna kidonda, shuka zinanukia sabuni.

"Na kwato hutazami?" akaniuliza.

Hapo nikajua nimepata mtu wa kufanya naye biashara.

Ilikuwa mwaka 1951. Mama yangu, Ruth, aliteleza kwenye mfereji huko kwetu Machame akavunjika mguu. Hospitali walikaa naye hadi mfupa ukaunga, kisha daktari akasema asimame autembelee, la sivyo atalala vile vile mpaka kufa. Mama akakataa. Ukimgusa, analia. Mke wa mdogo wangu, anayeishi naye kihambani, kwenye shamba letu la migomba, alikuwa na mtoto mchanga. Hakuwa na nguvu za kumnyanyua mtu mzima. Bi Mwantum alitumika wodi ya wanawake miaka mingi kabla ya kupanga vyumba vyake na kuanza kupokea wazee wa watu. Nilikuwa nimeshaona nyumba nyingine mbili: moja ilinuka, ya pili mwenyewe alikubali bei yangu upesi mno.

Nikamtajia shilingi thelathini kwa mwezi.

"Weka mfukoni," alisema. "Nataka ng'ombe wa maziwa na ndama wake. Afungwe hapa uani, mbele ya mlango wa mama. Maziwa yangu. Mama akirudi kwenu kwa miguu yake, ndama anabaki. Asiposimama, chukua wote uende."

"Na majani?"

"Utaleta wewe."

"Bi Mwantum, nilete mama, nilete ng'ombe, na majani tena? Wewe utaleta nini, kamba?"

Tukavutana hadi adhuhuri. Majani yakawa juu yake. Nilipanda mlima nikipiga mluzi, na kesho yake nikamshusha mama, pamoja na ng'ombe na ndama wake.

Siku ya soko iliyofuata nilimkuta mama ameelekea ukutani. Nje, ng'ombe alikuwa amerushiwa majani makavu ya mpunga kutoka Mabogini, anayatazama tu.

"Huu ni ulishaji gani?" nikauliza.

"Si uliniachia majani mwenyewe? Basi niachie."

Nilipokuja tena, nilisikia kelele tangu njiani.

"Unamuua! Mnyama wa migombani huyu, wewe unamlisha godoro!" Ilikuwa sauti ya mama.

"Mimi mtoto wa mjini, mama. Nifundishe."

"Kata mgomba! Vipande vidogo!"

"Hivi?"

"Unajenga nyumba? Lete panga hapa!"

Nikachungulia. Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, miguu chini, anakatakata mgomba kwa hasira. Hakuniona. Bi Mwantum aliniona, akanifukuza kwa mkono.

Mara ya tatu kitanda kilikuwa kitupu. Mama alikuwa uani, mkono mmoja juu ya nyonga ya ng'ombe, wa pili unasukuma majani mabichi. Ng'ombe akapiga hatua. Mama naye akapiga hatua.

"Shikamoo, mae," nikamwamkia mama.

"Marahaba. Sogea, unamzibia chakula."

Bi Mwantum alikuwa anamkuna ndama shingoni. "Umeshamuaga huyu, Bwana Filemon?"

Ndama alikuwa jike, wa ukoo mzuri. Siku ya kumchukua mama nikajaribu kumnunua huyo ndama. Nikapandisha bei, Bi Mwantum akatikisa kichwa. Nikapandisha tena.

"Usiuze, dada," mama akasema. "Huyo akitaja bei mara ya pili, ujue mali ni ya mara nne."

"Mae, wewe uko upande gani?"

"Wa ng'ombe."

Lori lilitushusha barabarani, na mama akapanda njia ya kihambani kwa fimbo yake. Majirani walitoka na vigelegele. Tulikunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, hadi jioni.

"Ungekubali kuleta majani mazuri," Bi Mwantum aliniambia baadaye, "mama yako angekuwa kitandani mpaka leo."

Basi Bi Mwantum alipata mtamba, na mtamba huyo amekwisha kuzaa mara mbili. Mama alipata mguu, na mtu wa kugombana naye: kila siku ya soko hushuka Majengo na mzigo wa majani kichwani, kwa sababu ulishaji wa mjini hauamini. Mimi nilipoteza ndama. Na hayo majani, mama huyakata shambani kwangu.