Kifuniko Chekundu cha Ndege ya Muigai

Mutie wa Dagoretti Corner ni fundi wa ndege, tena si hawa wa kugongagonga. Ndege ndogo ikipita juu ya Ngong Road, yeye hainui macho. Anakuambia silinda gani inakohoa. Kuna mafundi River Road wakifungua injini na kuifunga, wanabaki na nati tatu mkononi na kukuambia hizo ni za ziada. Mutie habaki na nati.

Ndiyo maana Muigai wa Lavington, mwenye nyumba za kupangisha nyingi hadi nyingine huzisahau, hakumpa mtu mwingine ndege zake. Muigai alikuwa na ugonjwa wa matajiri: kununua ndege kuukuu, kuifufua, kisha kuirusha mwenyewe mara ya kwanza aone kama itamuua.

Jumapili moja ndege yake ya manjano ililetewa mchungaji aiombee. Jamaa wakaja, pilau ikaja. Sasa, chini ya bawa la ndege kuna mrija mwembamba. Upepo ukiingia humo, sindano inamwonyesha rubani anaenda mbio kiasi gani. Ndege ikipumzika, mrija huvalishwa kifuniko chekundu. Mpiga picha akalalamika kwamba kitambaa hicho kinamharibia picha. Mutie akakivua, akakitia mfukoni, akakimbilia foleni ya pilau. Hakukirudisha. Nyigu wa udongo walijenga mle siku nne, bila kodi wala makubaliano.

Alhamisi Muigai akapaa. Angani sindano ikamdanganya kwamba ana mbio kupita kiasi. Akainua pua ya ndege apunguze, ndege ikaishiwa nguvu, ikajichomeka kwenye shamba la nyasi za ng'ombe kando ya uwanja. Mutie alimtoa kwa mikono yake. Jioni, akivua ovaroli, aligusa kitambaa mfukoni.

Tangu hapo hakusikia kitu moyoni. Hakulia, hakuogopa. Chakula kilikuwa kama kutafuna gazeti.

"Baba Mbithi, unakula ama unahesabu mchele?" mkewe Kaluki alimuuliza.

"Nakula."

"Basi meza."

Wachunguzi waliona udongo ndani ya mrija, lakini ndege nzima ilikuwa imejaa udongo, kwa hiyo waliandika kwamba chanzo hakijulikani. Leseni ya Mutie ikabaki salama. Aliisoma karatasi hiyo kama mtu anayesoma bei ya saruji katika mji asikojenga.

Kila Jumanne alienda Lavington. Muigai alikuwa na vyuma miguuni, na mguu wa kushoto haukuhisi chochote kuanzia gotini. Namalwa, mtaalamu wa mazoezi, alikuwa akimchomachoma kwa kijiti.

"Unasikia hapa, mzee?"

"Hapana."

"Na hapa?"

"Hapana. Chukua huo mguu, wapangishie watu."

"Haupangishwi, una mwenyewe. Simama."

Muigai hakusimama. Siku hizo hakutaka. Jumanne moja, mwezi wa sita baada ya ajali, Namalwa alipotoka kuchukua barafu, Muigai alimwambia Mutie kwamba ndege zilizobaki ameshazipatia mnunuzi. Anakuja Ijumaa.

"Ni mikono yangu, Mutie. Nilisoma mbio vibaya. Mtu akifika hapo aende akalime kahawa."

"Mikono yako haina shida, bosi."

"Nilikuwa ndani. Wewe ulikuwa chini."

Mutie aliangalia ule mguu. Akaona kwamba akinyamaza mpaka Ijumaa, atanyamaza mpaka azikwe, na huyu mzee atakaa kwenye kiti hicho akichukia mikono isiyo na kosa.

"Sindano ndiyo ilikudanganya. Mrija ulikuwa na nyigu. Nilivua kifuniko siku ya maombi, wapige picha. Sikukirudisha."

Sauti yake ilitoka baridi, kama anasoma orodha ya vipuri.

"Miezi sita, Mutie."

"Ndiyo, bosi."

"Unakunywa chai yangu."

"Ndiyo."

"Na mimi niliizunguka ile ndege kabla ya kupanda. Kazi ya rubani ni kuchungulia huo mrija. Sikuchungulia." Akajipangusa uso. "Kesho uende kwa wachunguzi, uwaandikie yote. Hilo la kwangu pia."

"Na kazi?"

"Kwangu huna kazi tena. Toka, nisikuone."

Mutie akachukua kofia. Mlangoni alipishana na Namalwa na barafu yake.

"Weka hiyo chini," Muigai alisema nyuma yake. "Niinue. Na mpigie yule wa Ijumaa, mwambie asije."

Askari wa getini alimpa Mutie daftari aandike saa ya kutoka. Kalamu ilikuwa mkononi, lakini hakuandika. Kutoka dirishani, Namalwa alisikika akihesabu hatua.

"Nne. Tano. Polepole, mzee, nyumba haiungui. Sita."

"Fundi, unaandika ama unalala?" askari aliuliza.

Mutie alingoja ya saba.