Gunia la Matobolwa

Wakati wa vita, katekista wetu wa Kwihara alitaka sadaka ya mavuno ipelekwe Ulaya, kwa watu waliobomolewa nyumba na mabomu. Tukajaza gunia la matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha. Mama yangu, mbishi kama nini, alikataa kutia yake.

“Igalula hapo jirani wana njaa, sisi tulishe ng'ambo?”

Shangazi akamjibu kwamba babu, alipobeba pembe kwenda pwani, alilishwa Ugogo na watu wasiomjua hata jina. Kanisa zima likagawanyika.

Ndipo akaingia mwanamke wa Kigogo, mke wa fundi wa reli, akalikalia gunia. “Langu hili. Kwetu mvua imekataa. Wazungu wakiuliza, waambieni limeliwa na mtani wenu.”

Mtani akishika kitu hanyang'anywi; ndivyo tulivyo na Wagogo tangu enzi za misafara. Hata katekista alicheka. Mgogo akajitwika gunia, akaondoka.

Mama akakimbilia nyumbani, akatoka na kapu la matobolwa limejaa pomoni, akamfuata mbio njiani akipiga kelele: “Mwizi mkubwa we! Na hili unamwachia nani?”