Mikono ya Kimenyi

Thacienne wa Nengo alikuwa na kazi iliyofanya watu wamkimbie. Parokia ilimtuma kukaa na wagonjwa waliorudishwa na hospitali wafie nyumbani, na wakishafariki, abaki na wafiwa. Majirani walimsalimu kwa mbali. Wajinga! Kana kwamba kifo hubebwa kikapuni.

Mwaka wa tisini na nane alipewa Kimenyi, kijana aliyerudi kutoka misitu ya Kongo, kifua kimekwisha. Kila alipoingia, neno lilikuwa lile lile: "Mama, leta maji nioshe mikono. Iko chafu." Thacienne akamnawisha. Hajamwaga beseni, anaitwa tena. Hata kwake nyumbani, akichambua maharagwe, aliisikia sauti ile mgongoni: maji, mama. 

Siku moja akachoka. "We Kimenyi, unanawa nini?"

Ndipo akasema. Huko msituni alimzika mwenzake, Egide wa Kanzenze, akakimbia bila kunawa. Na sisi tunajua: ukitoka kaburini usiponawa, msiba unakufuata.

"Maji yako haitoshi, mama. Ni muzazi wake atanimwangia."

Lo! Kumtuliza anayekufa, sharti amlize aliye hai. Thacienne alipanda kilima cha Kanzenze. Mama yake Egide, Pascasie, bado alikuwa anamwekea mwanawe viazi kila jioni, na ole wako umwambie hayupo. Thacienne alipomweleza, alisikiliza mpaka mwisho, akafunika chungu, akajifunga kitenge. Hakulia. Njia nzima Thacienne alitamani angalau amtukane.

Walipofika kwa Kimenyi, Pascasie alishika jagi juu ya mikono ile mikavu, lakini hakumwaga.

"Ulipomufunika, alikuwa amekata roho?"

Kimenyi akafumba macho. "Sijui, mama. Masasi ilikuwa inalia, bunduki kila upande. Nilisikia kama anakohoa. Nikafunika, nikakimbia."

Yoo, Mungu wangu! Thacienne alitaka kumpokonya Pascasie jagi, amrudishe kwao, aifute safari yote ile. Ni yeye aliyemleta mama wa watu kusikia haya.  Kisha maji yakaanza kutiririka, polepole, naye Pascasie akavisugua vidole vya Kimenyi kimoja kimoja hadi jagi likaisha.

"Umenawa," alisema. "Sasa jiendee, mutoto yangu. Kile kikohozi, niachie mimi."