Printa Iliyoamka Katikati ya Maombi

Leo nimeona muujiza, na nimeuona kwa sababu huwa sifungi macho watu wakiomba.

Tuko ofisi ya kanisa, hapa mtaa wa Fedha. Nje, basi la kwenda Kakamega kumzika Mama Nekesa limeshawasha injini, na programu za mazishi hazijatoka. Kompyuta inasema printa haipo. Na printa iko hapo mezani, inatuangalia!

Pasta akasema, "Tushikane mikono, tuikemee."

Tukashikana. Isipokuwa Achieng, karani wetu. Mkono mmoja juu mbinguni, mwingine kwa kompyuta.

Nikachungulia.

Kumbe kompyuta ilikuwa imewekwa kwa WSD, ile njia ya kuitafuta printa upya kila mara. Leo imeitafuta, ikaikosa. Achieng akaihamisha kwa TCP/IP, akaandika anwani ya kudumu ya printa. Ni kama kumpa mgeni namba ya nyumba badala ya kumwambia aulize pale kwa kiosk.

Pasta alipofika "toka, wewe pepo," printa ikanguruma!

Haleluya kila kona. Programu zinamwagika, Mama Nekesa anatabasamu kwa kila karatasi.

Nikamnong'oneza Achieng, "Si umwambie ukweli?"

"Guka," akajibu, maana mimi ni babu kwa vijana wa hapa, "basi linaondoka. Yeye abaki na utukufu, wewe beba karatasi."

Nikabeba, mbio. Basi limeenda na programu zote.

Sasa Pasta ameniteua mimi nitoe ushuhuda Jumapili. Mngekuwa mimi mngesema nini?

Mimi nishaamua. Nitataja Mungu, nitataja TCP/IP, halafu nimpe Achieng maiki.